Kemo ya nne ni Alhamisi na moyo umekataa. Wenye kansa ya damu hapa Mombasa mko wapi?

Umu_Kisauni (Jumapili usiku)

Assalam aleikum, hamjambo nyote. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kisauni, n'na limfoma, ile kansa ya tezi ambayo huhesabiwa pamoja na kansa za damu. Ilianza uvimbe shingoni, kila mtu ana lake, huyu asema ni TB, huyu ni jino, huyu ni tezi tu zitashuka, mpaka ikakatwa nyama ikapelekwa maabara ndo ikajulikana. Nshawekewa kemo, zile dawa za kansa za dripu, tatu kati ya sita. Ya nne ni Alhamisi hii na wallahi sitaki kwenda.

Sio kwamba siamini dawa. Uvimbe umeshuka hata mume wangu aona. Lakini nikifikiria ile dripu nyekundu tu mate yanijaa mdomoni, vidole vimekufa ganzi nashindwa kufunga vifungo vya shati la mtoto, usiku silali kwa zile tembe za steroidi, halafu asubuhi watu waja kunijulia hali wamekaa na nyuso za matanga. Mamangu siwezi kumwambia haya ataanza kulia na mimi nitaanza kumbembeleza yeye. Nauliza tu, kuna mtu humu yuko kwenye dawa saa hii, au ameshamaliza? Hapa katikati mlipitaje? Mwanzo nilikuwa na hofu, hofu ikanisukuma. Saa hii hata hofu sina, nimechoka tu.

MzeeWaMikindani (Jumapili usiku)

Binti yangu, pole sana, na umefanya vyema kuandika. Mimi n'na lukemia, ile ya chembe nyeupe inayokwenda polepole, madaktari waiita CML. Nilikuwa nafanya kazi bandarini, nikawa nachoka nikipanda ngazi, upande wa kushoto wa tumbo umejaa kama nimeshiba na sijala kitu, kumbe ni bandama imefura. Hemogramu, kile kipimo cha chembe za damu, ikatoka chembe nyeupe zimepita laki. Nilijiona nshakufa.

Nikwambie kitu ambacho daktari alinikalisha akanieleza taratibu na kikanipa nguvu mpaka leo. Mwaka 1960 kule Philadelphia Marekani watafiti wawili waliona kwamba wagonjwa wa aina yangu wana kromosomu moja iliyo fupi kuliko kawaida, ndiyo wakaiita kwa jina la mji huo. Ikachukua miaka 40 na zaidi kutoka kuiona hiyo kasoro mpaka kupata tembe inayoizuia, Glivec, ikaruhusiwa huko Marekani 2001. Waliougua kabla ya hapo hawakuwa na hii bahati. Kwa hivyo kila asubuhi nikimeza tembe yangu na chakula na maji glasi kubwa nawakumbuka. Macho yanifura, mishipa ya miguu yanikaza usiku, zipo siku tumbo lachafuka. Namezea hivyo hivyo. Kuchoka nimechoka mara nyingi binti yangu na siku hizo pia nimemeza.

Nenda Alhamisi ukiwa umechoka hivyo hivyo. Hakuna aliyesema lazima uende ukiwa na furaha.

Umu_Kisauni

Shikamoo mzee wangu. Hilo la mwisho limeniingia. Mimi nilidhani niwe na moyo wa chuma ndo niende.

MzeeWaMikindani

Marahaba mwanangu. Chuma cha nini, peleka mwili tu.

Binti_Mtongwe (Jumatatu asubuhi)

Dadangu Umu nimesoma yako nikiwa kwa feri nikashindwa kujizuia. Mimi nilikuwa na Hodgkin, nayo ni aina ya limfoma, nimemaliza dawa, saa hii naenda tu kucheki. Yangu ilikuwa kila baada ya wiki mbili, na hiyo nyekundu tunaijua wengi, ukienda msalani mkojo unatoka rangi hiyo hiyo na hakuna mtu amekuonya, mimi nilipiga mayowe nikidhani ni damu. Ni dawa inatoka tu, siku moja mbili inaisha.

Sasa hii ya mate kujaa kabla hujafika hosi, mwambie daktari hivyo hivyo ulivyoandika hapa. Mimi nilikuwa naanza kutapika tuktuk ikikata kona ya Makadara, hata sijaona nesi. Nikadhani ni ujinga wangu nikanyamaza. Kumbe ni kitu wanakijua kabisa, mwili umekariri, na kuna tembe wanaweza kukupa uanze usiku wa kuamkia siku ya dawa. Nikaanza kupewa hiyo na nikawa siendi na tumbo tupu, nakula mkate mkavu na chai ya tangawizi. Nikawa pia nabadilisha njia, nashukia mbele natembea kidogo na shangazi, tunapiga stori. Haikuisha yote lakini nilifika kitini bila kutapika.

Na steroidi meza asubuhi baada ya kula, zote za siku hiyo, usigawanye za jioni kama daktari hajasema ugawanye. Ukimeza jioni utahesabu mabati mpaka adhana ya alfajiri.

Nesi_Mstaafu_Tudor (Jumatatu mchana)

Habari zenu wanangu. Nimefanya kazi wadini miaka mingi, nimestaafu, siwezi kumtibu mtu kwa simu na wala msinichukue badala ya daktari wenu. Ila haya ya Umu nataka kuyajibu.

Ganzi ya vidole inatokana na vinkristini, moja kati ya dawa zako. Inachezea mishipa ya fahamu. Hilo la kushindwa kufunga vifungo ndilo hasa daktari anataka kusikia, kwa maneno hayo hayo, kwa sababu akijua anaweza kuipunguza kiwango bila kuharibu matibabu mengine. Ukisema tu "naendelea vizuri" hatajua. Dawa hiyo pia inafunga choo, usikae siku nyingi ukivumilia, omba ya kulainisha mapema.

Halafu kuhusu kuruka tarehe. Dawa kama zako huwekwa kila siku 21, na hizo siku kati ya dawa na dawa zina sababu. Uboho ndani ya mfupa unapewa nafasi ya kutengeneza chembe mpya, lakini nafasi isiwe refu mpaka ugonjwa nao ukapata nguvu tena. Daktari akisogeza tarehe kwa sababu damu yako iko chini, huo ni mpango. Wewe ukisogeza mwenyewe kwa sababu ya uchovu, hilo ni jambo lingine kabisa. Kama uchovu umezidi nenda uwaambie uso kwa uso, hata kama ni kuomba waahirishe. Usikose kufika.

Nyongeza moja. Mnayajua yale maua madogo ya pinki na meupe yenye petali tano yanaota kila ua hapa Mombasa, hata makaburini yapo? Asili yake Madagaska. Vinkristini ilipatikana kutoka mmea huo, ikaanza kutumika miaka ya sitini. Nawaambia ili mjue dawa hii si kitu cha ajabu kilichoanguka kutoka mbinguni. Lakini tafadhali sana mtu asiende kuchemsha majani akanywa. Mmea una sumu, na kinachowekwa kwenye dripu kimesafishwa na kupimwa kwa miligramu mbili au chini yake. Nimewahi kupokea wadini mtu aliyekunywa.

JiraniMwema (Jumatatu jioni)

Samahani naingilia. Hizi kemo zaua watu zaidi ya ugonjwa. Kuna mzee huku kwetu ana dawa ya mizizi, binamu yangu alikunywa akapona kansa bila kwenda hosi. Dada ukitaka nikuunganishe nitumie ujumbe.

MamaWaMtoto_Kilifi (Jumatatu jioni)

Kakangu JiraniMwema najua waandika kwa wema lakini naomba nikujibu, manake mimi mwanangu yuko hapa ananivuta kanga nikiandika na angekuwa hayupo.

Mwanangu alianza taya kufura. Tukapelekwa kwa meno, likang'olewa, uvimbe ukaongezeka, kwa wiki moja tu uso ulikuwa hauujui. Watu wa nyumbani wakasema amerogwa na mke mwenza wa shangazi yangu, tukaanza kutafuta mbuzi wa kafara. Ni mwalimu wa skuli ndiye aliyetushika mkono akatupeleka hospitali kubwa. Ikatoka Burkitt. Daktari akanieleza hii limfoma imepewa jina la Denis Burkitt, aliyekuwa daktari wa upasuaji Kampala hapo Uganda, akaiandika 1958, watoto wa sehemu zenye malaria ndio huipata sana. Kumbe ni ugonjwa wa huku huku kwetu, umejulikana tangu kabla sijazaliwa, na mimi nimeambiwa ni mke mwenza!

Na ni kansa inayokwenda mbio mno. Uvimbe unaweza kuwa maradufu kwa siku chache tu. Lakini kwa sababu yakwenda mbio ndiyo pia yasikia dawa haraka. Kemo ya kwanza, maji mengi ya dripu ili figo zisizibe na uchafu wa ule uvimbe unaoyeyuka, na kabla wiki haijaisha nikaanza kuuona uso wa mwanangu tena. Ningekaa kwa mizizi hata wiki mbili tu ningekuwa nimezika. Huyo mzee wako simjui na simtukani. Naongea nilichokiona.

Umu mamangu, dua zisomwe, sisi kombe tulikunywa na tunaendelea kusomewa. Nesi alituambia maji ya kuoshea kombe yawe yamechemshwa yakapoa, basi. Mungu ndiye anayeponya na hiyo kemo pia ni yake.

Nesi_Mstaafu_Tudor

Amina mamangu. Mpe mtoto busu langu. Na mtu yeyote anayetumia mitishamba, hata habat soda au mwarobaini, mwambie daktari wako, hatakupigia kelele. Kuna vitu vinagongana na dawa ndani ya ini. Mzee wa Mikindani kwa mfano balungi hatakiwi kula kabisa na ile tembe yake.

MzeeWaMikindani

Kweli kabisa, na nilikuwa nalipenda. Sasa nakula machungwa ya kawaida na embe.

Omari_Tuktuk (Jumatatu usiku)

Salam. Mimi si mgonjwa, mgonjwa ni mamangu mzazi, ana mieloma, kansa ya damu inayoanzia kwenye uboho na kula mifupa. Alikuwa analalamika mgongo mwaka mzima, tukampaka dawa za kuchua, tukampa tembe za maumivu za dukani, siku moja akiinua ndoo mfupa wa uti ukabonyea. Damu chini, figo zimeanza kuchoka. Sasa anachomwa sindano tumboni kila wiki na steroidi na ameanza kutembea mwenyewe mpaka barazani.

Nimesoma hapa kimya siku nyingi. Umu ile ya nyuso za matanga nilimuonea huruma mamangu niliposoma. Sisi ndio tunafanya hivyo. Leo nimeingia nikamwambia mama leo tunapika nini, akanielekeza mbaazi za nazi mwanzo mwisho, akanigombeza nimetia chumvi nyingi. Ilikuwa siku nzuri.

Swali langu, madafu anaruhusiwa? Kila mtu analeta madafu.

Nesi_Mstaafu_Tudor

Omari mwanangu, kwa mtu mwenye figo nzima dafu ni zuri. Kwa mamako uliza kwanza, dafu lina potasiamu nyingi na figo zilizochoka hushindwa kuitoa, potasiamu ikipanda moyo unasumbuka. Waonyeshe kipimo chake cha mwisho cha figo ndo wakwambie kiasi. Na zile tembe za maumivu za dukani, diklofenaki na ndugu zake, kwa mieloma ziwekwe mbali kabisa, zinamaliza figo.

Binti_Mtongwe

Umu tuambie basi, Alhamisi unaenda na nani? Mimi naweza kuja. Nimezoea ile benchi.

Umu_Kisauni (Jumanne asubuhi)

Nimesoma yote jana usiku nikiwa macho na safari hii nililia vizuri. Nimemwambia mume wangu habari ya vifungo, hakuwa anajua! Amesema ataomba ruhusa kazini. Binti njoo, tafadhali, nataka kumuona mtu aliyemaliza.

Umu_Kisauni (Jumanne usiku)

Samahani kuwasumbua. Mwili wanitetemeka tangu magharibi, nimejifunika blanketi na joto hili la Mombasa. Themometa yasema 38.4. Mama mkwe asema ni malaria, ameshatuma mtoto duka la dawa akanunue. Nimeze nilale?

Nesi_Mstaafu_Tudor

HAPANA. Umu usilale. Mwenye kemo joto likifika 38 ni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane, hata kama unajisikia nafuu. Usimeze panadol kwanza, itashusha joto na kukuficha ugonjwa. Wewe chembe nyeupe zako zinaweza kuwa chini kabisa na bakteria mdogo tu anaweza kukumaliza kwa masaa. Malaria watapima huko huko. Beba kadi yako ya kemo, ukifika mlangoni maneno ya kwanza ni "niko kwenye kemo na nina homa". Usikae foleni kimya.

Omari_Tuktuk

Dada niko Bombolulu na tuktuk. Mume wako anipigie, namba nimekutumia kwa ujumbe. Nakuja.

MzeeWaMikindani

Tuko na wewe binti yangu. Ondoka sasa.

Omari_Tuktuk (Jumanne usiku wa manane)

Nimewafikisha. Ameingizwa ndani moja kwa moja alivyosema nesi. Mumewe yuko naye.

MamaWaMtoto_Kilifi (Jumatano asubuhi)

Kuna habari yoyote? Sijalala.

Binti_Mtongwe

Nimeongea na mumewe. Amewekewa antibayotiki za mshipa, joto limeshuka alfajiri. Hataki simu sasa hivi amelala.

Umu_Kisauni (Alhamisi jioni)

Alhamdulillahi. Niko wadini, kitanda cha karibu na dirisha. Chembe nyeupe zilikuwa zimeanguka mno, malaria haikuwepo. Daktari akaniambia ningemeza nikalala ile hadithi ingekuwa nyingine. Nesi Mstaafu, Omari, sina cha kuwalipa, Mungu awape.

Kemo ya leo imesogezwa mpaka damu ipande, wanichoma sindano za kupandisha chembe nyeupe, mifupa yauma kama nimepigwa lakini wasema ndiyo uboho wafanya kazi. Na nimemuonyesha daktari vidole. Amenipa shati lake nifunge kifungo mbele yake, nimeshindwa, akaandika papo hapo kwamba ile vinkristini ipunguzwe. Nilikuwa nataka kukimbia hospitali nzima kwa ajili ya kitu ambacho kimerekebishwa kwa dakika mbili.

Sindano zilizobaki nitachomewa nyumbani na nesi wa dispensari ya jirani. Nazibebaje na jua hili?

Binti_Mtongwe

Chupa ya chai yenye mdomo mpana, barafu chini kwenye mfuko, kitambaa juu, halafu sindano. Isigusane na barafu moja kwa moja, isigande. Ukifika weka frijini, rafu ya katikati sio kule kwa barafu. Stima ikikatika rudisha kwenye chupa. Na kabla umeze panadol ya mifupa pima joto kwanza, kila mara.

Nesi_Mstaafu_Tudor

Huyu binti nimuajiri. Umu ukirudi nyumbani wiki hizi, kachumbari ya nje hapana, matunda yaliyokatwa barabarani hapana, maziwa mabichi hapana. Kula kilichopikwa kikaiva, matunda ya kumenya mwenyewe. Mdomo sukutua maji ya chumvi baada ya kila mlo. Wageni wenye mafua wakae barazani au wapige simu. Na mswaki wa mti uache kwa sasa, tumia ule laini, fizi zisichanike wakati pleteleti, zile chembe za kugandisha damu, ziko chini.

Kijana_Bamburi (Ijumaa usiku)

Wasee mambo. Nimepata huu uzi leo na sijui hata nianzie wapi. Niko na miaka 24. Wiki hii nimeambiwa ni Hodgkin. Nilikuwa najikuna mwili mzima, natoka jasho usiku godoro linalowa, nimekonda, nikadhani ni stresi ya kazi. Harusi yangu ni baada ya Ramadhani. Sijamwambia mchumba wangu bado. Nimeambiwa nianze dawa haraka. Maswali ni mengi, pesa, harusi, watoto nitapata kweli? Nimeingia Google nikatoka nikiwa vibaya zaidi.

Binti_Mtongwe

Kakangu karibu, na pole. Una ugonjwa niliokuwa nao. Kuwasha na jasho la usiku zote mbili nilikuwa nazo. Hodgkin ni moja kati ya kansa zinazopona vizuri sana hata ikikutwa imesambaa, usiache Google ikwambie vingine. Mwambie mchumba wako. Mimi nilimwambia wangu tukiwa Mama Ngina mbele ya bahari, nikamwambia ukitaka kuondoka ondoka leo, akanunua mihogo ya kukaanga akakaa. Mpe nafasi ya kuchagua mwenyewe.

MzeeWaMikindani

Mwanangu, habari ya pesa usiiache mpaka siku ya bili. Angalia kama SHA yako, ile bima ya afya ya serikali, iko hai, *147#. Tangu ilipoingia badala ya NHIF Oktoba 2024 kifurushi cha kansa kilianza na laki nne kwa familia kwa mwaka, zikiisha ulikuwa unaingia mfuko wa magonjwa sugu laki moja na nusu. Viwango hubadilika kwa hivyo uliza dawati lao pale hospitali vilivyo sasa, na uulize kila skani inakula kiasi gani, upange. Kibali huombwa kabla ya dawa kuwekwa, basi fika siku mbili tatu mapema. Kama huna mwajiri unalipa ya mwaka mzima, usingoje iishe katikati ya matibabu.

Mimi kuna wakati ninapochukulia tembe zilikatika, tukawa twapigiana simu nani amebakisha ngapi. Tulipona kwa sababu tulikuwa tunajuana. Ndiyo maana nasema msikae kila mtu chumbani kwake na karatasi zake.

MamaWaMtoto_Kilifi

Na ukitumwa Nairobi usiogope kijana, twaenda sana. Treni ya usiku, viti vya kawaida vilipandishwa kuwa 1,500 Januari 2024, beba shuka na barakoa, chakula chako mwenyewe, na mtu wa kulala begani kwake.

Omari_Tuktuk (Jumapili)

Jamani mama ameambiwa aongezwe damu kesho, HB, kile kipimo cha wingi wa damu, imeshuka. Anahitaji kundi O. Mimi ni B. Kuna mtu?

Kijana_Bamburi

Mimi ni O lakini nadhani sasa sitakiwi.

Nesi_Mstaafu_Tudor

Hutakiwi mwanangu, baki nayo. Lakini una marafiki, na mume wa Umu ana marafiki. Miaka 16 mpaka 65, kilo 50 kwenda juu, awe amekula na hajaumwa. Mwanamume anaweza kurudi baada ya miezi mitatu, mwanamke minne. Kituo cha damu wakiuliza hospitali wataonyeshwa. Na msingoje mtu aitwe, wagonjwa wa lukemia wanahitaji pleteleti na zile hazikai zaidi ya siku tano, haiwezekani kuzirundika kama unga. Leo watu wa msikiti, kesho watu wa kanisa, wiki ijayo vijana wa timu ya mpira, ndivyo zinavyopatikana.

Kijana_Bamburi

Nimewapigia wasee wa timu. Sita wamekubali kesho asubuhi. Watatu ni O. Nimewaambia na habari yangu pia, kwa mara ya kwanza nimeisema kwa sauti.

Omari_Tuktuk

Mungu akupe afya kakangu. Nitawachukua wote Bamburi, silipishi.

Umu_Kisauni (siku ya kliniki, asubuhi)

Damu imepanda. Niko kwenye kiti, Binti yuko kushoto kwangu amekuja na chai ya tangawizi. Mate yamejaa kidogo tulipopita getini lakini ile tembe ya usiku imesaidia. Wameanza na dripu ya maji.

Kijana, Binti ameniambia uko foleni nje unamsubiri daktari huyo huyo. Ile habari ya watoto, iulize ya kwanza, kabla hata ya pesa, kabla hujatia saini chochote. Mwambie una harusi. Dawa za Hodgkin za kawaida kwa wengi haziondoi uzazi lakini ziko zinazouondoa, na kwa mwanamume mbegu zaweza kuhifadhiwa kabla ya kuanza, baada ya hapo huwa umechelewa. Mchumba wako kama umekuja naye ingia naye. Ukitoka njoo huku ndani, kiti cha tatu kutoka mlangoni, mlinzi ukimwambia ni ndugu yako atakuruhusu.

Kijana_Bamburi

Nimekuja naye. Tunaingia sasa.